Kimya Nyuma ya Rogathe

Kazi ya kwanza aliyofundishwa Rogathe binti Eliufoo katika shule ya unesi haikuwa kumshika mgonjwa. Ilikuwa kufua bendeji. Siku zile bendeji hazikutupwa. Zilifunguliwa kwenye kidonda, zikarundikwa ndani ya ndoo, zikapelekwa nyuma ya hospitali kwenye kibanda cha kufulia, na huko msichana aliyekuja na ndoto ya kuponya watu akazamisha mikono mpaka kwenye viwiko katika maji yenye usaha, akasugua, akasuuza, akaanika. Harufu ile ilimwingia chini ya kucha. Akila makande anaisikia. Akifumba macho kusali anaisikia. Mwaka wa kwanza aliiona kuwa ni jaribu la Mungu. Mwaka wa pili akaiona kuwa ni kazi kama kazi nyingine. Mwaka wa tatu, alipokuwa angali anafua bendeji zile zile na masomo yenyewe hayajavuka mifupa ya mkono, akatambua kwamba uchafu ulikuwepo kweli pale hospitalini, lakini haukuwa ndani ya ndoo.

Hospitali hiyo ilikuwa ya misheni, juu kabisa milimani, Upare wa kusini, mahali ambapo ukungu hupanda asubuhi na kukaa mezani kama mgeni. Ilikuwa na madirisha ya vioo, bustani ya maua yasiyoliwa, na Bibi Mkuu wa manesi, Mwingereza mwembamba ambaye wanafunzi walimwita Kidole. Kila asubuhi alipita wodini akiburuza kidole cheupe juu ya mbao za madirisha. Kidole kikitoka na vumbi, wodi nzima inasuguliwa upya, hata kama kitandani yuko mama anayelia kwa uchungu. Vumbi kwanza, mama baadaye.

Na vitanda! Pembe za shuka zilikunjwa kama bahasha, na mgonjwa akalazwa humo chali, mikono ndani, amenyooka kama aliyekwisha kuoshwa tayari kwa kaburi. Kugeuka kulikatazwa, maana kugeuka kunaharibu shuka. Kulikuwa na bikizee mmoja aliyejibana haja ndogo tangu alfajiri mpaka daktari alipomaliza kupita, kwa kuogopa kuharibu zile pembe, na aliposhindwa kujibana zaidi akalia machozi mbele ya wasichana wa umri wa wajukuu zake. Kidole akauliza ni nani aliyekuwa zamu kitanda hicho. Hakuuliza bibi yule analia nini.

Tena wodini hakukuwa na shikamoo. Ilipigwa marufuku, eti inapoteza wakati. Mgonjwa aliitwa kwa namba ya kitanda chake. Msichana aliyelelewa kupiga magoti mbele ya rika la babu yake alifundishwa kusimama wima, kifua mbele, na kusema, "Namba saba, fungua mdomo."

Wazee wa milima ile walikuwa na namna yao ya kuuguza, na leo hakuna anayeikumbuka. Mgonjwa hakuachwa peke yake hata kufumba na kufumbua. Alikalishwa, mtu wa nyumbani akakaa nyuma yake, akamwegemeza kifuani, na uji akaunywa akihisi moyo wa mwenzake unadunda mgongoni. Aliyeziba pua mbele ya mgonjwa alisemwa kijiji kizima, na habari hiyo ilimfuata mpaka siku ya kuposa. Kuuguza hakukuponya kila ugonjwa. Wengi walikufa. Lakini walikufa wakiwa na majina yao.

Hata hivyo Rogathe hakuichukia hospitali. Hilo lazima lieleweke. Alikwisha kumwona mtoto aliyeletwa amelegea kama jani la mgomba lililopigwa jua, akachomwa sindano ya penisilini, na kesho yake akaomba kiporo. Jambo kama hilo ukiliona mara moja huwezi tena kusema dawa za Wazungu ni takataka. Alichokichukia ni kwamba dawa ilikuwa kabatini, ujuzi ulikuwa vichwani mwa masista, wakuu wa wodi, na yeye alikuwa kwenye ndoo.

Tena kulikuwa na nyumba iliyokuwa ikimsubiri.

Kilima cha kwao kilikuwa mbali na hospitali, mwendo wa kuvuka makorongo na kupanda tena. Wanawake waliokwama katika uzazi walibebwa kwa machela, na wengi walifika wakiwa hawana haja tena ya kufika. Bwana Mganga wa Wilaya alipopanda huko kutoka Same, alisimama juu ya jiwe akawaambia watu: "Jengeni nyumba ya akina mama. Mleteni nesi mwenye cheti. Nami nitaleta dawa." Pembe ya msaragambo, ya kuwaita watu kwenye kazi ya pamoja, ikapigwa. Watu wakatoka kama wanavyotoka kwenda kuzibua mfereji, kila nyumba mtu wake, bila mjadala. Wanawake wakapandisha mawe kutoka mtoni. Wanaume wakabeba bati vichwani kutoka Same, kwa miguu, juani kwanza na ukunguni baadaye. Nyumba ikasimama, ikapakwa chokaa, ikafungwa kwa kufuli. Hapakukosekana kitu isipokuwa nesi, na nesi alikuwa Rogathe. Kila alipokwenda nyumbani likizo, wanawake walimwuliza neno moja tu, kama mtu anayeuliza habari za chungu kilicho motoni: "Bado?"

"Bado kidogo," alijibu.

Na kweli ilikuwa bado kidogo. Mwaka aliokufa Mfalme Joji, Rogathe alikuwa amebakiza mtihani wa mwisho tu.

Mwaka huo huo zikaja habari kwamba mkaguzi anatoka Dar es Salaam kuja kutazama shule za manesi, na kwamba atawauliza wanafunzi wenyewe maoni yao juu ya masomo yao na kazi yao. Habari hizo ziliingia kibanda cha kufulia kama upepo.

"Maoni yetu?" Dina alisema, akikamua bendeji. Alikuwa msichana mnene mwenye ulimi mkali, ndiye mkubwa wao kwa umri. "Haya mwenzangu Rogathe, wewe umeshika wangapi?"

"Watoto?"

"Watoto ya nini! Taa. Umeshika taa mara ngapi?"

Wakacheka wote. Mzazi alipojifungua, masista ndio waliompokea mtoto. Mwanafunzi alisimama pembeni ameshika taa, na ole wake itikisike.

"Mimi nikifika kwetu," Esta akasema, "mwanamke akishikwa na uchungu nitamwambia, vumilia mama, mimi nimesomea taa."

"Na mifupa," Dina akadakia. "Usiisahau mifupa. Ninayo yote kichwani kwa Kiingereza. Nikimwimbia mzazi, mtoto atatoka mwenyewe kwa kuchoka kunisikiliza."

Priska peke yake hakucheka. Huyu alikuwa mtoto wa karani wa Same, amezaliwa kwenye nyumba za serikali kando ya barabara kuu, na pale kibandani hakuwa mfuaji, alikuwa mwanikaji. "Mnalalamika nini nyinyi?" akasema. "Mnakula bure, mnalala kitandani, mnavaa viatu. Huko kwenu mlikuwa na viatu?"

"Tulikuwa na miguu," Dina akamjibu.

Jioni hiyo wakakubaliana kwamba mkaguzi lazima aambiwe. Na wakaamua kumwambia kwa namna waliyolelewa nayo.

Milimani kwao mtu mwenye kidonda hakujisemea. Watu wakiwa na shauri, walimchagua mmoja awe msemaji. Msemaji akisema, wenzake nyuma yake waliinamisha vichwa wakanyamaza, na kimya hicho kilikuwa ndicho muhuri. Aliyefungua mdomo baada ya msemaji alikuwa amemtukana, amesema mbele za watu kwamba hakutosha. Kisha msikilizaji, kama ana adabu zake, alimgeukia mkubwa wa kundi akamwuliza mara moja tu, "Ni yenu haya?" Mkubwa akajibu, "Ni yetu." Shauri likawa zito kama jiwe la kusagia. Ilikuwa mila safi. Iliwaokoa watu na kelele. Sasa kila mtu ana mdomo wake, na mkutano wowote ukiusikia kwa mbali utadhani mbuzi wamefungiwa zizini mvua ikinyesha.

"Msemaji ni Rogathe," Dina akasema. "Mkubwa ni mimi, nitajibu nikiulizwa."

"Kwa nini mimi?" Rogathe akauliza. "Mimi nina nyumba inanisubiri. Nikifukuzwa hapa, itafunguliwa na nani?"

"Ndiyo sababu. Mwenye cha kupoteza husadikiwa. Nikisema mimi, watasema Dina anapenda maneno." Akamshika mkono. "Sisi tutakuwa nyuma yako. Baba alikuwa Same siku za mbiru, watu walipoikataa ile kodi. Wasemaji walisema, na umati mzima nyuma yao kimya. Serikali ilisikia au haikusikia?"

Rogathe akakubali.

Asubuhi ya ukaguzi hospitali ilinuka nta ya sakafu mpaka inachefua. Kidole alipita, akapita tena, akasimama mbele ya kitanda cha mzee Tumainieli. Mzee huyu alikuwa na donda la mguu lililooza, na harufu yake hakuna nta iliyoweza kuifunika. Kidole akatoa leso.

"Namba saba aende nyuma," akasema kwa Kiswahili chake cha amri. "Kibanda cha kufulia. Mpaka mgeni aondoke."

Rogathe na Dina wakamtoa mzee kwa blanketi, mmoja kichwani, mmoja miguuni. Alikuwa mwepesi kama mzigo wa majani makavu.

"Wajukuu zangu, mnanipeleka wapi? Nimekwisha kufa?"

"Hapana, babu," Rogathe akasema. "Wanasafisha chumba."

"Wanasafisha chumba, au wananisafisha mimi?"

Wakamlaza juu ya gunia, katikati ya ndoo, chini ya kamba za bendeji zinazodondosha maji. Mzee akatazama juu, akatazama pembeni. "Nanuka, najua," akasema taratibu. "Hata nyumbani kwangu nilinuka. Lakini mke wangu alikula chakula chake karibu yangu."

Dina akatoka nje haraka. Rogathe alibaki kidogo, akapiga magoti kwenye maji machafu, akamwamkia shikamoo. Mzee akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa kitu chake. Rogathe akanyanyuka, na kilichomchukiza hakikuwa donda. Ilikuwa mikono yake. Mikono yake mwenyewe ndiyo iliyombeba mzee yule kumtupa kwenye ndoo ili mgeni asikunje pua.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mrefu mwenye kofia pana, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha pwani, cha kujifunza kitabuni. Baada ya kutembezwa wodini na kuzisifu pembe za shuka, aliwaita wanafunzi darasani. Kidole akaketi kando yake, mikono mapajani.

"Wanangu," mkaguzi akasema, "nataka kusikia maoni yenu. Mafunzo mnayopata, kazi mnayofanya. Semeni bila hofu."

Rogathe akasimama. Nyuma yake, kwa mlio mmoja wa magauni yaliyopigwa wanga, wenzake wakatulia. Akasema. Alisema polepole, maneno yake kayapanga kama mtu anayejenga ukuta wa mawe. Alisema kwamba wamekuja kusomea kuponya na wanasomea kufua. Kwamba wanayajua majina ya mifupa ambayo hawajawahi kuigusa. Kwamba anamaliza mwaka wa tatu na hajampokea mtoto hata mmoja kwa mikono yake, na watu wa kwao wanamsubiri awapokelee. Kwamba wagonjwa wanaitwa kwa namba, wanalazwa kwa ajili ya macho ya wageni, na kwamba asubuhi ile ile mzee wa watu ametolewa kitandani, akawekwa kwenye kibanda cha kufulia kwa sababu ananuka.

Akanyamaza. Mkaguzi alikuwa ameacha kuandika.

"Ni kweli kuhusu mzee huyo?" akamwuliza Kidole.

Kidole akajibu kwa Kiingereza, kwa upole, kwa urefu, kama anayemsimulia mtu habari za maua yake. Mkaguzi akatikisa kichwa kukubali. Akawageukia wanafunzi. "Kitanda chake kilikuwa kinasafishwa kwa dawa," akasema. "Hilo ni jambo jema. Mtafundishwa umuhimu wake."

Kisha akauliza, "Nani mwingine ana la kusema?"

Kimya.

"Yuko mwingine mwenye malalamiko? Anyooshe mkono."

Kimya kikazidi. Rogathe alisimama akikisikiliza, na Mungu amsamehe, alikiona kitamu. Kilikuwa kimejaa nyuma yake kama nyumba iliyojaa ndugu. Hakuhitaji kugeuka. Alijua vichwa vimeinama, alijua Dina anangoja swali lake moja, jibu li tayari mdomoni: ni yetu. Hakuna hata mmoja aliyemwangusha. Kwa kipindi hicho kifupi Rogathe alikuwa mtu mwenye fahari kuliko wote milimani.

Ndipo Priska akanyoosha mkono.

"Sisi wengine tunashukuru, Bibi," akasema. "Tunajifunza usafi. Tunafurahi sana."

Mkaguzi akatabasamu, akafunika kalamu yake. "Basi ni mmoja tu," akamwambia Kidole, kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Kila shule ina mmoja."

Rogathe akageuka. Vichwa vilikuwa vimeinama bado, safu kwa safu, vimefungwa vitambaa vyeupe, kama kabichi shambani. Akamtazama Dina. Midomo ya Dina ilifunguka, ikafungwa. Hakuulizwa. Swali lake halikuja, na lisilokuja halijibiwi. Ndivyo walivyolelewa. Mgeni akatoka, Kidole akamfuata, na mlango ukafungwa taratibu na kwa adabu.

Kabla ya kengele ya chakula Rogathe alikwisha kuambiwa avue yunifomu. Mtihani hatafanya. Cheti hakuna. Aondoke kesho.

Asubuhi alipokuwa anafunga nguo zake kwenye khanga, Dina akaingia, macho yamevimba.

"Rogathe, dada yangu. Tulinyamaza kwa ajili yako. Unajua."

"Najua. Jana mlinyamaza kwa ajili yangu." Rogathe akakaza fundo. "Na leo je? Mkaguzi amelala hapa hapa misheni. Tazama dirishani. Gari lake bado lipo, dereva anafuta kioo."

Dina akatazama dirishani.

"Nenda kamwambie," Rogathe akasema. "Maneno mawili tu. Ni yetu."

"Hakuniuliza."

"Dina!"

"Nitaanzaje kumwendea mkubwa bila kuulizwa? Na wenzangu hawajanituma. Tukae kwanza, tushauriane, halafu..."

"Halafu gari liwe limefika Makanya."

Dina akaanza kulia, kilio cha kweli, mabega yakitikisika. Kupitia mlango Rogathe aliwaona wengine ukumbini, Esta mbele yao, wamesimama na ndoo zao, wamesikia kila neno. Akawatazama mmoja mmoja. Kila aliyetazamwa akainamisha kichwa. Ni vichwa vile vile, shingo zile zile, mwinamo ule ule wa jana. Jana ulikuwa adabu. Leo ulikuwa woga uliovaa nguo za adabu, nazo ziliukaa sawasawa kama zilizoshonwa kwa ajili yake. Kidole alikuwa mgeni, hakujua lolote, na mgeni husamehewa mengi. Hawa walijua.

Akajitwika khanga yake, akatoka katikati yao. Injini ya gari ilisikika ikiwaka alipokuwa anavuka korongo la kwanza.

Nyumbani mama yake alimwuliza kama amekula, basi. Baba yake, Eliufoo, hakuuliza kitu. Alikwenda akaitazama ile nyumba nyeupe yenye kufuli, akaizunguka, akarudi akaketi. Wanawake hawakusema tena "Bado?" Walimpisha njiani kama anavyopishwa mfiwa.

Mvua za masika zilipokuwa zinakaribia, mchili Yusto, mkuu wa kile kijiji, akaleta habari kutoka Same. Serikali itatoa dawa kama ilivyoahidi, na nesi mwenye cheti amepatikana. Anaitwa Priska, mtoto wa karani. Wazee watoe jibu kabla ya siku ya soko.

Wakakutana uani kwa Eliufoo mchana, chungu cha dengelua katikati yao, pombe ya miwa iliyoiva vizuri, ya kunywewa shauri likiisha kwa amani. Wanawake walikaa mlangoni mwa jiko kama ilivyo desturi, wasikie bila kusemwa kuwa wanasikia. Rogathe alikuwa hapo, na ubavuni mwake Ruthi, mke wa kaka yake, mimba imeshuka mpaka anakaa upande. Mimba yake ya kwanza ilimfia njiani, juu ya machela, katika korongo la pili.

Msemaji alikuwa Naftali, mdogo wake Eliufoo, mwenye sauti kama ngoma. Akasimama.

"Mchili, tumesikia. Sisi wa kilima hiki hatukubeba mawe kwa ajili ya mtoto wa karani. Tulibeba kwa ajili ya mtoto wetu. Wamemtupa kama maganda, na sasa wanatuletea aliyemkana. Tukimpokea huyo, tumekubali kwamba mtoto wetu ni maganda. Nyumba ibaki na kufuli lake. Tutakaa chini, kama tulivyokaa siku za mbiru, mpaka Rogathe apewe haki yake. Nimesema."

Yalikuwa maneno ya wanaume wa zamani. Hakuna mkutano wa leo utakaosikia kitu kama hicho kwa ajili ya binti wa mtu. Wazee wakainamisha vichwa. Kimya kikashuka juu ya ua ule, kizito, cha heshima, na chote kilikuwa cha Rogathe. Walikuwa wanampa alichonyimwa kule hospitalini.

Ruthi alimtazama, kisha upesi akatazama chini. Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo.

Rogathe akakisikia kile kimya na akakitambua. Akasimama.

"Baba mdogo, shikamoo. Nyumba ifunguliwe."

Vichwa vikanyanyuka. Naftali hakugeuka hata kumtazama. "Mwanangu, kaa. Nimekusemea."

"Umenisemea vizuri, baba mdogo, na nimekuelewa. Lakini mwenye neno ni mimi. Huyo Priska simpendi. Nikisikia jina lake nataka kutema mate. Hajui kumpokea mtoto kuliko ninavyojua mimi, na mimi sijui. Lakini dawa watampa yeye, mimi hawatanipa, hata mkikaa chini mpaka miti iote migongoni mwenu. Wanawake watakaojifungua mwezi ujao wanangoja haki yangu ya nini? Fungueni."

"Umesikia, mchili," Naftali akasema kwa utulivu, kana kwamba ni mbuzi aliyelia. "Mtoto ana uchungu. Jibu letu ni lile."

Na wazee wakainamisha vichwa tena.

"Hapana!" Rogathe akatoka mlangoni mwa jiko, akaingia uani, mahali ambapo hakuna mwanamke aliyewahi kusimama penye chungu cha shauri. "Msiniinamishie vichwa. Nimeshapewa kimya mara moja, kimetosha. Semeni kwa midomo yenu. Mzee Simeoni, wewe ndiye mkubwa hapa. Ruthi huyu akishikwa na uchungu, apelekwe nyumba ile au abebwe korongoni? Sema."

Hata mama yake alishika kichwa. Mzee Simeoni, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, alitazama fimbo yake kwa muda mrefu. Katika maisha yake hakuwahi kuulizwa jambo na msichana mbele za watu, akitakiwa ajibu papo hapo kama mtoto wa shule.

"Apelekwe nyumba ile," akasema hatimaye. Akatema mate pembeni.

"Mzee Fanueli?"

"Ifunguliwe," Fanueli akasema, bila kumtazama.

Akawauliza wote. Mmoja mmoja wakajibu, kila jibu likitoka kama jino. Alipofika kwa baba yake, Eliufoo alikwisha kusimama.

"Mimi usiniulize," akasema. "Umekwisha kushinda. Umetuvua nguo mbele ya wake zetu, na bado unataka nami nigeuke?"

"Baba, Ruthi ni mke wa mwanao."

"Najua ni nani." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ifunguliwe. Lakini usije ukaniambia tena kwamba uliyajifunza hayo kwangu."

Mchili Yusto akavaa kofia yake, akasema atalipeleka jibu Same. Wazee wakainuka mmoja baada ya mwingine, wakashika fimbo zao. Naftali alikuwa wa mwisho. Akampita Rogathe, akaondoka. Hakuna aliyeaga, na hakuna aliyeigusa dengelua.

Rogathe alibaki amesimama uani. Ruthi alitaka kumwendea, akajiinua kwa shida, lakini mama mkwe wake akamshika nguo akamkalisha. Kisha mama huyo huyo, mama yake Rogathe, akatoka jikoni, akakiinua kile chungu kilichojaa, akaenda nacho mpaka chini ya migomba, akamwaga yote.